Kabla ya Kufunga Kiyoyozi: Kibali cha Kaunti Pekee Hakitoshi

Msimu wa joto unapoingia Pwani, biashara ya kufunga na kurekebisha viyoyozi hushamiri. Mafundi hupita madukani, hotelini na majumbani wakitangaza bei nafuu, na baadhi yao huonyesha kibali cha biashara cha kaunti kama ithibati kwamba wameidhinishwa. Kibali hicho ni cha lazima, lakini hakithibitishi ufundi.

Sababu imo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara, lakini usimamizi wa taaluma haumo katika jukumu hilo. Kibali cha kaunti huonyesha kwamba biashara inajulikana na imelipa ada. Ujuzi wa anayepanda ngazi kufunga mtambo huthibitishwa na taasisi za kitaifa.

Umeme

Kazi ya kuweka nyaya za umeme inahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Leseni za mafundi hutolewa kwa madaraja, kuanzia C-2 hadi A-1, ambalo ndilo la juu zaidi. Kiyoyozi huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi. Kikiunganishwa kwenye waya wa soketi za kawaida, waya huo unaweza kupata joto kupita kiasi na kusababisha moto. Kinahitaji waya wake na swichi yake ya usalama.

Miradi ya majengo

Katika miradi mikubwa kama vile hoteli, hospitali na majengo ya afisi, mwanakandarasi anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Viyoyozi huingia katika kundi la kazi za mitambo. Usajili una madaraja manane: NCA 8 ni la chini na NCA 1 ni la juu. Mbali na cheti cha usajili, mwanakandarasi huwa na leseni inayofanywa upya kila mwaka. Cheti cha zamani bila leseni ya mwaka huu hakitoshi.

Gesi

Viyoyozi vingi vya zamani hutumia gesi ya R-22, inayoharibu tabaka la ozoni. Gesi hiyo inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na uagizaji wake nchini husimamiwa na NEMA kwa kanuni za 2007. Fundi asiye na mafunzo huiachilia gesi hewani, au hujaza gesi inayoshika moto, kama R-290, katika mtambo ambao haukuundwa kwa gesi hiyo. Cheche moja inaweza kuleta maafa.

Ujuzi wa fundi

Fundi aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), ambao huanzia Gredi ya III hadi ya I. Wengine wana vyeti vya vyuo vya kiufundi. Kwa kiyoyozi kimoja cha nyumbani, cheti cha namna hii pamoja na leseni ya EPRA ndivyo vya kuulizia kwanza.

Wakazi wanashauriwa:

• Kuomba nambari ya leseni na kuihakikisha kwa EPRA au NCA kabla ya kulipa chochote.

• Kulinganisha jina lililo kwenye leseni na kitambulisho cha anayefika kufanya kazi. Leseni ya kuazima haimlindi mteja.

• Kupata makadirio ya gharama kwa maandishi, yakitaja aina ya gesi na muda wa dhamana.

• Kulipa kwa jina la kampuni na kudai risiti.

Fundi mwenye leseni huenda akatoza zaidi. Hata hivyo, kukitokea hitilafu, mteja wake ana mamlaka ya kupelekea malalamiko, na fundi huyo ana leseni ya kupoteza. Anayemwajiri fundi asiyejulikana hubaki na nambari ya simu tu, ambayo huenda isipokelewe tena.