Kinanda cha kwanza Bariadi: Tazama mguso kabla ya wingi wa sauti

Msimu wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, fedha huanza kuzunguka Simiyu. Mkulima wa Maswa, Itilima au Meatu akishalipwa kupitia chama chake cha ushirika (AMCOS), matumizi huwa yamekwisha kupangwa: ada, mabati, ng'ombe wa kulimia. Kwa familia yenye kijana mwanakwaya, kuna hitaji jingine linalosubiri msimu huohuo, nalo ni kinanda.

Hamu hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1909 wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa, ambacho leo kiko Wilaya ya Busega, kutoka kwa wenzao wa Kianglikana. Kanisa lililozaliwa na kazi yao, AICT, linafahamika nchi nzima kwa kwaya zake. Kijana anayeimba besi au teno kila Jumapili mjini Bariadi hawezi kukosa kutamani kujua vidole vya mpiga kinanda vinafanya nini. Swali ni anunue kipi, wakati fedha ni kidogo na msimu mwingine uko mbali.

Usidanganywe na mdundo

Ukiingia dukani, iwe Mwanza au Kariakoo, muuzaji atawasha kinanda na kubonyeza kitufe kimoja. Ngoma, besi na gitaa vitalia vyenyewe, kisha utaambiwa kina mamia ya sauti. Hapo ndipo wanaoanza wengi hufungua pochi. Lakini mamia ya sauti hayamfundishi mtu kupiga. Kinachomfundisha ni funguo zinazoitikia nguvu ya kidole.

Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano ya kwanza nchini Italia, karibu mwaka 1700, jambo jipya lilikuwa nyundo ndogo zinazogonga nyuzi kwa kadiri ya nguvu ya mpigaji. Ukigusa kwa upole sauti hutoka ndogo, ukikaza inavuma. Kinanda cha umeme kisicho na uwezo huo hutoa sauti ileile, uguse utakavyo. Mwanafunzi akikizoea, vidole vyake havijifunzi kupiga kwa hisia, na akipewa piano yenyewe baadaye hulazimika kuanza upya.

Kupima ni rahisi. Zima mdundo, chagua sauti ya piano, bonyeza ufunguo mmoja polepole kisha kwa nguvu. Kama hakuna tofauti, uliza kingine. Soma pia namba ya modeli, kwa sababu vinanda hufanana kwa sura. Casio CT-S200 na Yamaha PSR-E273 havina mguso huo, ilhali ndugu zao, CT-S300 na PSR-E373, wanao.

Funguo 61 au 88?

Piano kamili ina funguo 88. Kibodi nyingi za bei nafuu zina 61, yaani oktavu tano. Kwa anayetaka kusindikiza nyimbo za kanisani, 61 zinatosha kuanzia, maana sauti zote nne za kwaya, kuanzia besi ya chini hadi soprano ya juu, zinaenea humo. Hakikisha tu kwamba funguo ni za ukubwa wa kawaida, kwa kuwa zile ndogo za kuchezea watoto huharibu mpangilio wa vidole.

Aliyeamua kusoma piano yenyewe, na ana mahali pa kudumu pa kuiweka, atafute funguo 88 zenye uzito, kama za Yamaha P-45, P-145 iliyoifuata, au Roland FP-10. Ajiandae kulipa zaidi ya mara mbili, na kubeba mzigo wa kilo 11 au 12. CT-S300 ina kilo 3.3 tu, na hupanda bodaboda kwenda mazoezini bila shida.

Umeme wa kwetu

Kwa mkazi wa Simiyu, swali la umeme lina uzito sawa na la funguo. Umeme unapokatika katikati ya ibada, kinanda kinachotumia betri huendelea. CT-S300 na PSR-E373 hutumia betri sita ndogo za AA. Hata Casio CDP-S110, yenye funguo 88 za uzito, hukubali betri sita za aina hiyo. Yamaha P-45 haina nafasi ya betri.

Adapta nayo isomwe kabla ya kuchomekwa. Yamaha nyingi ndogo hutaka volti 12, CT-S300 hutaka 9.5. Tazama pia alama ya chanya na hasi, kwani adapta isiyo yake yaweza kuunguza kinanda. Anayenunua mtumba uliotoka Japani awe mwangalifu zaidi. Umeme wa huko ni volti 100, wetu ni 230. Adapta iliyoandikwa 100V peke yake haifai kuchomekwa hapa. Kwenye mikutano ya hadhara inayotumia jenereta, tumia betri au stabilaiza.

Kwa mtumba, bonyeza funguo zote moja baada ya nyingine, kwa sababu vumbi huua mguso wa baadhi yake. Kagua tundu la hedifoni na la pedali. Ukifika nyumbani, kifunike kwa kitenge kila unapomaliza. Vumbi la kiangazi chetu halina huruma.

Gawanya fedha yako

Usimalize fedha yote kwenye kinanda. Bakiza ya stendi, pedali, hedifoni na adapta halisi. Bakiza pia ya mwalimu, hata kama ni mpigaji wa kanisani atakayekuonyesha mara moja kwa wiki. Mwombe akufundishe kupiga katika do mbalimbali. Kitufe cha transipozi, kinachohamisha do bila kubadili vidole, huokoa ibada, lakini anayekitegemea tangu siku ya kwanza hubaki mfungwa wa do ya C.

Kwa kamati za kwaya nina ombi moja. Mkishanunua, msikifungie kinanda ofisini kikisubiri Jumapili. Wekeni ratiba, teueni msimamizi, na mwacheni binti au kijana anayeanza akae nacho nusu saa, mara kadhaa kwa wiki. Kinanda cha kawaida kinachoguswa kila siku kitatoa wapigaji wapya kabla ya msimu ujao wa pamba. Cha gharama kilichofungiwa kabatini kitabaki na mpigaji yuleyule, na siku akihama, kwaya itaimba bila kinanda.