Trekta dogo lenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma: mambo ya kujua kabla hujaliingiza kwenye mchanga wetu

Miezi ya kupulizia naulizwa salfa na ubwiriunga, lakini malipo ya korosho yakishaanza kuingia, maswali yanahamia kwenye mashine. Safari hii vikundi viwili, kimoja cha bonde la Ruvuma upande wa Kitaya na kingine cha Madimba, vimeniuliza kitu kilekile: "Bwana shamba, vile vitrekta vidogo vilivyotumika vya Japani, vyenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, vinatufaa?"

Vinafaa, ila siyo kwa kila kazi mnayoifikiria. Nazungumzia trekta la nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi. Linasafisha mifereji ya mpunga, linachimba bwawa la samaki na lambo la maji, linapakia mchanga na samadi, na kwa uvumilivu linang'oa kisiki cha mkorosho mzee. Kwa mashimo ya kupandia mikorosho silipendekezi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina mashimo 28 tu. Vijana wawili wenye majembe wanayamaliza bila kuchoma lita hata moja ya dizeli.

Ukanda wetu una historia na matrekta yasiyotunzwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Mashine nyingi walizoanza nazo zilikuwa mabaki ya vita kuu ya pili. Spea hazikupatikana kwa wakati, madereva walifundishwa haraka haraka, na mashine zikafa mapema. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake tunayo hadi leo. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa. Ndiyo maana mtu akiniambia amepata trekta la bei nzuri, namuuliza kwanza spea zake anazipata wapi na dereva wake kafundishwa na nani.

Uzito uko wapi?

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Trekta dogo ni jepesi. Ukilifunga kijiko mbele, uzito wote unaonyanyua unataka kulivuta lipige mdomo chini. Kinacholizuia ni ule mkono wa kuchimbia uliofungwa nyuma, ndio mzani wake. Sasa mtu anataka kupakia mchanga tu, anaona mkono unamzuia kugeuka, anauvua, anaanza kazi. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Na matrekta madogo mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo gurudumu la nyuma likipoteza uzito kwenye mteremko, na breki umepoteza.

Ukiuvua mkono, weka uzito mwingine nyuma: boksi la zege lililofungwa kwenye ile mikono mitatu ya nyuma, au jaza maji kwenye tairi za nyuma mpaka robo tatu. Maji yawe ya kisima, tena kisima kisicho na chumvi. Kuna wanaochota baharini kwa sababu ni karibu. Rimu italiwa kutokea ndani na hutaona mpaka siku inatoboka.

Halafu piga hesabu ya mchanga. Mchanga uliolowa una uzito unaokaribia tani mbili kwa mita moja ya ujazo. Kijiko cha robo mita ya ujazo kikijaa ni karibu nusu tani. Vijiko vingi vya matrekta ya ukubwa huu vinanyanyua kilo 300 hadi 500 hivi vikiwa juu kabisa, vingine zaidi. Soma kibao cha mashine yako au kitabu chake, usimsikilize aliyekuuzia. Kijiko kikiwa na mzigo kitembee chini, kama sentimita 30 kutoka ardhini, na unyanyue pale tu unapomwaga. Kwenye mteremko, kama zile njia za kushuka bondeni kutoka Newala, upande mzito uwe juu ya mlima siku zote. Kijiko kikijaa, unashuka kinyumenyume na gia ndogo. Usiweke gia huru eti uokoe mafuta.

Na kumpandisha mtu kwenye kijiko akaangue nazi au apulizie mikorosho mirefu, hapana. Hozi moja ikipasuka, kijiko kinaanguka na mtu wake.

Ule upinde nyuma ya kiti

Nyuma ya kiti kuna upinde wa chuma. Trekta likipinduka, upinde unalizuia lisimlalie dereva. Kwetu una adui mmoja anayeitwa mkorosho. Matawi yako chini, upinde unagonga, dereva anaulaza apite. Wengine wameukata kabisa kwa moto wa welding. Na vitrekta vingi vilivyotumika vya Japani vinakuja bila upinde kabisa.

Kama una upinde wa kukunja, ulaze unapoingia chini ya mikorosho, na uusimamishe mara tu unapotoka. Usisubiri jioni. Kuna jambo linawachanganya wengi kuhusu mkanda wa kiti: upinde ukiwa umesimama, funga mkanda; upinde ukiwa umelala, usifunge. Mkanda unafanya kazi pamoja na upinde. Ukijifunga kwenye trekta lisilo na kinga, umejifunga kwenye kitu kitakachokulalia. Lililokuja bila upinde, fundi wa mtaani asikuchomelee bomba la maji ukadhani umepona. Tafuta upinde wa modeli hiyo, na kama haupo, tafuta trekta jingine.

Mimi ningependa zaidi mikorosho ipogolewe matawi ya chini. Inatakiwa hivyo hata bila trekta.

Kuchimba

Kabla ya kugusa wenzo wa kuchimbia: kijiko cha mbele kilale chini kikibana ardhi, breki ya mkono, gia huru, kisha shusha miguu miwili ya pembeni mpaka ibebe uzito. Kwenye mchanga laini miguu inazama, weka vipande vya mbao nene chini yake. Kaa kwenye kiti. Ukiendesha mkono ule umesimama chini, unapozunguka unakubana kwenye tairi kabla hujapiga kelele.

Chimba kwa kukunja kijiko na kuvuta taratibu, tabaka kwa tabaka. Usiutumie mkono kufagia udongo kushoto na kulia, na usivute kisiki kwa kuendesha trekta wakati mkono uko shimoni. Hivyo ndivyo pini za kuzungukia zinavyokatika, na kuzibadilisha ni gharama. Kwenye mteremko mwaga udongo upande wa juu, siyo wa chini.

Mchanga wa pwani yetu hausimami. Unaweza kuchimba mtaro wa mita mbili asubuhi ukasimama wima, saa sita umekauka na kumeguka. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina zaidi ya tani moja na nusu, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Mtaro ukizidi mita moja na nusu, kata kingo zilale au weka mbao za kuzuia. Kwenye mchanga mkavu fanya hivyo hata mapema zaidi. Udongo uliotoa uwe mita moja mbali na ukingo. Mtu asishuke kupima kina wakati mashine inaunguruma pale juu. Pima kwa fito ndefu.

Kwa wa Madimba, Msimbati na vijiji vya njiani: chini yenu kuna mabomba ya gesi. Lile kubwa linalokwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, lina kipenyo cha inchi 36 na limefukiwa. Ukiona nguzo za alama, usichimbe. Pitia ofisi ya kijiji, na TPDC wathibitishe njia ya bomba kwanza. Na walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuchimba bwawa au shamba la chumvi kunahitaji kibali. Mikoko usiiguse kabisa, iko chini ya sheria popote ilipo nchini.

Chumvi, salfa na grisi

Injini sitaisema sana, madereva wengi wanaijua: oili kila asubuhi, maji ya rejeta, chujio la hewa. Niongeze mawili tu. Majani ya mikorosho na mbegu za nyasi huziba rejeta, zipulize kutoka upande wa injini kwenda nje, ukipuliza kwa mbele unazisukuma ndani zaidi. Na dizeli ya madumu ina maji, kwa hiyo fungua kikombe cha chujio umwage kabla ya kuwasha, na jaza tangi jioni ili usiku lisitoe jasho ndani.

Kinachoua mashine hizi huku ni pini na silinda. Kijiko na mkono vina pini nyingi, na kila pini ina chuchu ya grisi. Mkono peke yake unaweza kuwa na zaidi ya 20. Zihesabu siku ya kwanza na uzipake rangi nyekundu, maana zile zilizojificha ndizo zinazosahaulika. Vitabu vingi vinasema piga grisi kila baada ya saa 8 au 10 za kazi. Kwa mazingira yetu nasema piga jioni, siyo asubuhi. Pini ikiwa bado ina joto, grisi mpya inasukuma nje maji na mchanga ulioingia mchana. Ukingoja asubuhi, chumvi imelala humo usiku kucha. Futa chuchu kwanza kwa kitambaa, la sivyo unaingiza mchanga kwa bomba la grisi.

Ukifanya kazi karibu na bahari au mashamba ya chumvi, osha kwa maji baridi siku hiyohiyo, kisha ndiyo upige grisi. Unapoegesha, kunja mkono ili zile fimbo zinazong'aa ziingie ndani ya silinda kadiri inavyowezekana. Zinazobaki nje zipake grisi nyembamba. Fimbo ikiota kutu, inakwaruza sili kila inapoingia na kutoka, na mafuta yanaanza kulia. Ukibadilisha sili bila kushughulikia fimbo, utarudi kwa fundi mwezi ujao.

Msimu wa salfa, trekta lisiegeshwe pale pale panapopulizwa. Unga ule ukipata unyevu unakula nyaya na chuma, na unajaza chujio la hewa kwa siku mbili.

Mafuta ya haidroliki angalia kijiko kikiwa chini na mkono umekunjwa kama wa safari. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, usifanye kazi. Matrekta madogo mengi yanatumia mafuta mamoja kwa gia na haidroliki, kwa hiyo weka aina iliyoandikwa kitabuni. Mafuta ya breki yanayeyusha sili, na watu wanaweka.

Hozi ikivuja, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yanatoka kwa shinikizo la kutoboa ngozi, na kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba tu. Tumia kipande cha boksi. Ikimpata mtu, asisubiri maumivu yaanze. Apelekwe Ligula saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo, maana wakati mwingine inabidi kupasuliwa haraka kuokoa mkono.

Siku ya kwenda kuliona

Nendeni na fundi wenu, siyo wa muuzaji. Likutwe injini ya baridi. Nyanyueni kijiko kikiwa na mzigo, zima injini, subirini dakika kumi mbali nacho. Kikishuka chenyewe sana, sili au vali zimechoka. Kijiko kikishawekwa chini, tikiseni ncha ya mkono kushoto na kulia muone pini zinacheza kiasi gani.

Kisha angalieni mkono umefungwa vipi. Uliofungwa kwenye fremu yake, inayopita chini ya trekta mpaka mbele, ndio mzuri. Ulioning'inizwa kwenye ile mikono mitatu ya nyuma peke yake achaneni nao: nguvu ya kuchimba inaishia kwenye gamba la gia na inaweza kulipasua, na wenyewe unaweza kuruka juu na kumbana dereva.

Mwisho ulizeni kitabu cha lugha mnayoisoma. Nimeona trekta lina vibandiko vya Kijapani tupu na dereva anabahatisha wenzo upi ni upi. Kama mmelipenda hivyohivyo, kabla ya kulipa mkalisheni anayelijua aandike kwa rangi kwenye kila wenzo: PANDISHA, SHUSHA, ZUNGUSHA, MIGUU. Na katika bajeti ya kikundi tengeni fungu la hozi mbili za akiba, chujio, sili na ndoo ya grisi, vinunuliwe siku moja na trekta.