Mwanafunzi wa Lugha Mahakamani

Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mwanafunzi wa Kiswahili apelekwaye huko kwa mafunzo ya kazi hupata ujuzi ambao darasa haliwezi kumpa: kusema 'nilimwona' kwa kinywa cha shahidi, wala si 'anasema alimwona', kutompa mshtakiwa shauri, hata akiombwa kwa macho, kuuliza maana badala ya kuikisia. Hilo la mwisho ndilo zito. Wizi, kwa kawaida, huadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 3; wizi wa mabavu, sheria yauwekea adhabu ya kifo. Mkalimani akilidondosha neno 'mabavu' katika shtaka, mshtakiwa hukiri asilolijua.