KURUTI WA NDOANA: ASKARI AJIFUNZAPO UVUVI ZIWANI

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi mlioko Tororo, Malaba na Busia, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya siku ya mapumziko. Kila askari aijua siku hiyo. Sare imefuliwa, viatu vimeng'arishwa, na saa za mchana hazina kazi. Wengi wetu huzimaliza katika vilabu vya pombe, na mwisho wa mwezi hatujui mshahara ulikwenda wapi. Kumbe kusini mwa mji wa Busia, mwendo mfupi tu kwa gari, liko ziwa lililo kubwa kuliko yote katika Afrika, na humo mna mchezo unaomfaa sana mtu wa nidhamu.

Mchezo huo ni uvuvi wa ndoana. Katika nchi nyingine una vyama vyake na taratibu zake. Huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Ray Scott alianzisha mwaka 1967 chama cha wavuvi wa samaki aitwaye besi, na vilabu vya namna hiyo vikaenea nchi nzima. Katika vilabu hivyo mwanachama mpya asiye na mashua huketi nyuma katika mashua ya mwenziwe. Mwenyeji hukaa mbele kuongoza, naye mgeni hujifunza kwa kutazama. Tena, tangu mwaka 1972, mashindano ya chama hicho yalianza desturi ya kumpima samaki akiwa hai na kumrudisha majini.

Samaki huyo wa Marekani tunaye Afrika Mashariki, kwa kuwa aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1929. Lakini katika Ziwa Viktoria mchezo una samaki mwingine, mkubwa zaidi: yule ambaye Wakenya humwita mbuta, Waganda mputa na Watanzania sangara. Huyu naye ni mgeni. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, na akawala fulu wadogo wa asili hata aina nyingi zikatoweka. Akikomaa aweza kupita kilo 100. Basi kuruti na asidhani kwamba anakwenda kucheza na dagaa.

SIKU YETU YA KWANZA

Tulifika Majanji kabla ya jua kuchomoza. Tulikuwa tumenunua ndoana dukani Tororo, tukachagua zilizo kubwa kuliko zote, nasi tukajiona mabingwa. Mzee aliyekubali kutuchukua katika mashua yake alizigeuza mkononi, akacheka.

"Afande, hizi ni za kutundikia nyama ya ng'ombe," alisema.

Alituita afande, kama wazee wa huku wamwitavyo kila mgeni aliyevaa viatu vizito. Hata hivyo cheo hicho hakikutusaidia. Alituketisha nyuma, akatupa kipande cha jerikani, akatuamuru tukumbe maji. Kwa muda wa saa nzima hatukugusa mshipi. Vijana waliokuwa wakipiga makasia walitutazama kwa pembe ya jicho, wakingoja kuona kama tutanung'unika. Hatukunung'unika, na tangu hapo wakaanza kuzungumza nasi.

Baadaye mzee alitufundisha kumtia chambo: fulu mdogo aliye hai, ndoana ikipita chini ya ngozi ya mgongo ili aendelee kuogelea. Akatuonyesha namna ya kuushika mshipi kwa vidole viwili, wala si kuuzungusha mkononi, maana mbuta mkubwa akikimbia mshipi waweza kukata nyama ya kiganja. "Akishika," alituonya, "msimvute kama mwizi mliyemkamata sokoni. Mwacheni akimbie. Akichoka atakuja mwenyewe."

Tulikaa juani saa nne. Mara mbili tuliliwa chambo bila ya kujua. Mara ya tatu mshipi ulikaza, nasi tukasahau yote tuliyofundishwa, tukavuta kwa pupa. Mungu alitusaidia, samaki akaja. Alikuwa mrefu kuliko mkono wetu toka kiwiko hata vidole, nasi macho yetu yalikwisha kumwona chunguni.

Mzee alimlaza juu ya kasia lake. Kasia lilikuwa na alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Mkia haukuifikia hata ile ya kwanza.

"Huyu mtoto. Mrudisheni."

"Ni mmoja tu, mzee," tulimsihi.

Alielekeza kidevu chake ufuoni, kulikojaa mashua. "Wale wote pale, kila mtu ana mmoja wake tu."

Tulimrudisha.

MAANA YA ALAMA MBILI

Tuliporudi nchi kavu tulimwuliza mzee juu ya kasia lake, kwani kuuliza si ujinga. Alama ya kwanza ni sentimita 50. Mbuta aliye mfupi kuliko hapo kwa kawaida hajapata kuzaa, na sheria yamkataza mvuvi kumchukua. Alama ya pili ni sentimita 85. Hicho ndicho kipimo cha juu kilichowekwa kwa samaki wa viwandani katika makubaliano ya Uganda, Kenya na Tanzania, kwa sababu mbuta wakubwa kupita hapo wengi wao ni majike, nao ndio watagao mayai mengi zaidi. Kwa hiyo mtoto na mama waachwe, avuliwe wa katikati. Twaona kwamba hata mtu asiyejua kusoma aweza kuishika sheria hiyo, akiwa na kasia na kisu.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa askari kuliko watu wengine. Nchini Uganda, kanuni za mwaka 2003 ziliwapa wavuvi wenyewe vikundi vya kusimamia fukwe zao. Vikundi hivyo vilisimamishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 ulinzi wa uvuvi ukakabidhiwa wanajeshi. Makokoro, nyavu za macho madogo na mitumbwi iliyopungua futi 28 iliteketezwa kwa moto. Wako waliosifu kwamba samaki walirudi. Wako pia waliolalamika kwamba walipigwa, na kwamba maskini alipoteza mtumbwi wake wa pekee. Kenya kwa upande wake iliweka kanuni za vikundi vya fukwe mwaka 2007, na wavuvi wa Sio Port na Port Victoria wamezoea kuketi katika mikutano yao.

Sisi hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Twasema hivi: askari aliyewahi kukumba maji, akakaa saa nne juani, kisha akamwachia samaki wake aende, ataisimamia sheria ile ile kwa mkono ulio tofauti. Hatakuwa mlegevu, maana ameiona faida yake. Wala hatakuwa mkali bure, maana amekwisha kuonja tamaa ya kusema "ni mmoja tu". Na mvuvi aliyeketi naye katika mashua moja hatakimbia amwonapo amevaa sare. Atamjia kumwambia ni nani atandaye kokoro usiku.

KWA ATAKAYE KUANZA

Twawashauri wenye kupenda mchezo huu waunde kikundi katika kambi au kituo chao, hata wakiwa watu watano. Kwanza wapate ruhusa ya mkubwa wao, kisha wafike katika ofisi ya uvuvi ya wilaya kuuliza juu ya kibali. Wasiende ziwani na silaha wala sare siku ya mapumziko. Wamtafute mwenyeji mwenye mashua iliyosajiliwa, wamlipe haki yake kama mteja yeyote, wala wasidai samaki wa bure.

Jambo la pili ni uhai. Kujua kuogelea mtoni si kujua ziwa. Upepo wa asubuhi hugeuka alasiri, na dhoruba huinuka ghafula. Koti la kuelea lazima livaliwe tangu ufuoni, si kukaliwa kama mto. Mwenyeji akisema turudi, hakuna mwenye cheo cha kumpinga.

Jambo la tatu ni mpaka. Pale mjini Busia mpaka una lango na maofisa. Huko majini hauna hata kigingi kimoja, na kuruti aliyeinamia mshipi wake aweza kuchukuliwa na maji hadi nchi ya pili bila ya kujua. Kwa askari jambo hilo si dogo. Nahodha na aulizwe mapema, naye aulizwe tena mchana.

Mzee wetu wa Majanji alituaga kwa kuturudishia zile ndoana za Tororo. Alikuwa amezifunga katika gazeti. Alituambia tukazibadilishe kwa ndogo zaidi, tena tusichelewe Jumamosi ijayo, maana maji ya kukumba yatakuwapo.