Je, Wajua? Choa Si Mdudu

Je, wajua ya kuwa choa, ambacho wengine hukiita mashilingi kwa kufanana kwake na sarafu, hakisababishwi na mdudu, bali na kuvu, iliyo ya jamaa moja na ukungu uotao juu ya mkate uliolala? Chakula chake ni keratini, ile maada ngumu ya ngozi, nywele na kucha.

Ukikitazama kwa makini, utaona ukingo wake umeinuka na kujaa magamba, ilhali katikati pameanza kutakata. Kwani kuvu husonga mbele mithili ya moto wa nyika, ikiacha nyuma yake ngozi inayopona.

Griseofulvini, dawa ya choa iliyopatikana mwaka 1939 kutokana na ukungu mwingine, haiui kuvu hiyo. Huizuia tu, hata nywele mpya zilizobeba dawa ziote na kuziondoa zile za kale. Ndiyo sababu mtoto mwenye punye, yaani choa cha kichwani, huimeza kwa wiki 6 hadi 8, au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta.

Marhamu ya steroidi, ikipakwa juu ya choa, hutuliza mwasho, lakini kwa siri huiacha kuvu itande.

Ama soriasi, ugonjwa wa ngozi unaoweza kudhaniwa kuwa choa, ambamo ngozi hujifanya upya kwa siku chache badala ya mwezi, haiambukizi kamwe.

Basi, ewe msomaji, usimtenge mwenye soriasi, wala usikatize dawa ya choa kwa kuwa mwasho umekoma.