Kweli au Si Kweli: Hija ya Vijana Kwenda Namugongo

Mwezi Mei ukikaribia, katika parokia za Bukoba, Mwanza, Kisumu na hata Dar es Salaam, vijana huanza kuulizana nani anakwenda mwaka huu Namugongo, Uganda, wanakokumbukwa Mashahidi wa Uganda. Ninaowazungumzia hapa ni vijana waliomaliza shule: wenye kazi au wanaoitafuta, wa chama cha vijana cha VIWAWA, wa vyuoni, wa kwaya, wengi wao hawajafunga ndoa. Parokia nyingi hazijui kundi hili liwekwe wapi. Limeshapita umri wa kusimamiwa kama wanafunzi, na halijaingia WAWATA ya wanawake wala UWAKA ya wanaume. Hija ingekuwa nafasi yao hasa, lakini mara nyingi hufia kwenye kikao cha kwanza au cha pili, kwa sababu ya maneno ambayo watu wameyapokea bila kuyapima. Hapa nayapima yale yanayojirudia zaidi.

"Vijana hawawezi kuongoza hija, lazima apatikane mtu mzima wa kuwaongoza."

Si kweli, na ushahidi uko kule kule wanakokwenda.

Wamisionari wa Afrika, wale mapadre tuliozoea kuwaita White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 hali ilipokuwa ngumu waliondoka, wakavuka kwenda kusini mwa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza ya leo, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu, walioishikilia imani ile changa walikuwa walei, wengi wao vijana waliotumikia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Walifundishana katekisimu, walisali pamoja, walilindana. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa kiongozi wao, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alibatizwa, akachukua nafasi yake. Umri wake ulikuwa kama miaka 25. Yeye ndiye aliyewakinga vijana wadogo wa ikulu dhidi ya tamaa za Mwanga, na mwishoni mwa Mei 1886, walipojua kwamba kifo kimekaribia, ndiye aliyewabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa kama miaka 14.

Kijana wa miaka 25 aliwaongoza wenzake mpaka mautini. Mwaka 1934 Papa Pius XI alimtangaza Karoli Lwanga kuwa msimamizi wa vijana Wakatoliki wa Afrika. Kisha sisi, tukipanga safari ya kwenda mahali pa ushujaa wake, tunawaambia vijana wa umri ule ule kwamba hawawezi kukodi basi! Jambo hili linanigusa sana, maana nimeona vijana wenye uwezo wa kusimamia miradi kazini wakigeuzwa wabeba spika na wapanga viti kanisani.

Paroko anahitajika, bila shaka. Idhini ni yake, barua ya utambulisho ni yake, na mlezi wa kiroho anapaswa kuwa kwenye safari. Lakini mwenyekiti, katibu, mhazini, msimamizi wa liturjia, wa usafiri na wa afya watoke miongoni mwa vijana wenyewe, na kila mmoja apewe kazi kamili pamoja na mamlaka yake. Anayeshughulikia usafiri ndiye azungumze na mwenye basi. Anayeshughulikia afya ndiye ajue nani ana pumu, nani anatumia dawa za kila siku, nani ni mjamzito. Mkubwa akiingilia kila simu, vijana watakaa pembeni wamtazame, na mwaka unaofuata hakutakuwa na wa kumrithi.

"Kila anayekwenda alete barua ya mzazi."

Si kweli kwa mtu mzima. Kumdai barua ya mama kijana wa miaka 27 anayelipa kodi yake ya nyumba ni kumvunjia heshima. Kinachotakiwa ni jina na namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa akipatwa na jambo. Ila kama kundi limekubali kumchukua mtu aliye chini ya miaka 18, idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi ni lazima, na awepo mtu mzima mmoja anayewajibika kwake moja kwa moja, usiku na mchana.

"Mashahidi wote 22 walichomwa moto Namugongo."

Si kweli, ingawa utalisikia hata kwenye mahubiri. Wakatoliki waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 ni 13, Lwanga akiwa mmojawapo. Wengine waliuawa kwa nyakati na mahali tofauti: Dionisi Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa huko Munyonyo, kando ya ziwa, Matia Mulumba huko Kampala, Nowa Mawaggali huko Mityana. Wengine walikatwa wakiwa njiani wanaswagwa kuelekea Namugongo. Wa mwisho, Yohane Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887.

Jambo hili linabadilisha ratiba. Kundi linalofika Namugongo, likasikiliza Misa na kugeuza basi, limeona mwisho wa simulizi bila mwanzo wake. Ningeanzia Munyonyo, yalikoanza mateso ya Mei 1886, ambako sasa kuna kituo cha hija, kisha niende Namugongo kwa kufuata mwelekeo walioufuata wao. Hapo ndipo vijana wataelewa kwa nini basilika ya Namugongo yenye umbo la kibanda cha Kiafrika, iliyotabarukiwa mwaka 1975, imebebwa na nguzo 22, na kwa nini imejengwa pale: ni mahali alipochomwa Lwanga, aliyetengwa na wenzake akauawa peke yake. Wenzake walichomwa pamoja kilomita chache kutoka hapo, mahali ambapo leo pana kituo cha Kanisa Anglikana.

Msichana au mvulana mmoja katika kundi ajifunze habari hizi vizuri na kuzisimulia ndani ya basi, kwa vipande, njia nzima. Atafanya kazi kubwa kuliko video yoyote.

"Asiye Mkatoliki hana nafasi."

Si kweli. Katika moto ule ule wa Namugongo walikuwamo Waanglikana. Kwa jumla Waanglikana wanaokumbukwa katika mateso ya Mwanga ni 23. Papa Fransisko, alipofika Namugongo tarehe 28 Novemba 2015, alitembelea kwanza kituo cha Waanglikana kabla ya Misa yake. Rafiki Mlutheri au Mwanglikana anayetaka kusafiri nanyi mkaribisheni, mkimweleza mapema na kwa upole utaratibu wa Komunyo ili asiaibike kwenye foleni.

"Lazima iwe tarehe 3 Juni."

Si kweli, lakini nawaelewa wanaosema hivyo. Kuona bahari ya watu kutoka Kongo, Rwanda, Kenya, Tanzania na Sudan Kusini wakiimba pamoja ni jambo ambalo mtu halisahau. Kwa Waganda siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Kwa Watanzania na Wakenya si sikukuu, kwa hiyo kijana aliyeajiriwa lazima aombe likizo, na kijana wa kibarua hukosa malipo ya siku zote za safari. Msongamano nao ni mkubwa: malazi hujaa mapema, watu wengi hulala nje, na nafasi ya kukaa kimya mbele ya altare ni ndogo.

Kundi linalokwenda mara ya kwanza, lenye watu wasiozoeana, ningelipeleka wakati mwingine wa mwaka. Watanzania wana sikukuu za Sabasaba na Nanenane. Mkiunganisha na mwisho wa juma mnapata siku za kutosha. Mtapata padre wa kuwaadhimishia Misa yenu, mtapata muda wa kuuliza maswali, na mtasali Njia ya Msalaba bila kusukumana. Juni itakuwepo mwakani, wakati kundi limeshakomaa.

"Hija bila kutembea kwa miguu ni utalii."

Si kweli. Wanaotembea kwa majuma kutoka majimbo ya mbali ya Uganda, na hata kutoka Kenya na Tanzania, wanastahili heshima yetu yote. Lakini Kanisa halijaweka sharti la miguu. Kinachotofautisha hija na utalii ni sala, kitubio na nia aliyoibeba mtu. Mkitaka kutembea, gawanyeni: basi liwafikishe karibu, kisha mtembee sehemu ya mwisho alfajiri, mkiwa na vizibao vinavyong'aa, watu wawili wenye bendera mbele na nyuma, na gari moja la kuwachukua waliochoka. Barabara za kuingia Kampala hazina huruma kwa mtembea kwa miguu.

"Kitambulisho cha taifa kinatosha mpakani."

Kweli kwa Mkenya, Mnyarwanda na Mganda wanaosafiri baina ya nchi zao. Kwa Mtanzania si kweli: anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya muda kutoka Uhamiaji. Wapo waliorudishwa kwenye mpaka wa Mutukula wakilia, nauli imeshalipwa, kwa sababu katibu aliandika "mje na vitambulisho" bila kufafanua.

"Kadi ya homa ya manjano huisha baada ya miaka 10."

Ilikuwa kweli zamani. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kiliandikwa mwisho wa muda. Ila aliyechanjwa kwa mara ya kwanza cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja siku mbili kabla ya safari hakusaidii. Basi nalo lina kadi yake ya njano: ile ya bima ya COMESA, inayolikinga gari likigonga mtu au mali nje ya nchi. Mwombeni mwenye basi awaonyeshe kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na kama mnafikiria kuendelea hadi kituo cha hija cha Kibeho nchini Rwanda, hakikisheni dereva amewahi kuendesha huko, maana magari hupita upande wa kulia.

"Tuchange kwanza; zikibaki tutajua la kufanya."

Si kweli, na hapa ndipo mahujaji wengi hupoteza urafiki wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inasema wazi kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Fedha ya hija haiwezi kugeuka spika za kwaya wala mchango wa harusi ya katibu.

Amueni kabla ya mtu wa kwanza kulipa: gharama ya kila kitu kimoja kimoja, akiba ya dharura ndani yake, tarehe ya mwisho ya kila awamu, na anayeghairi atarudishiwa kiasi gani. Fedha isikae kwenye simu ya mhazini. Iwekwe kwenye akaunti ya parokia au ya kikundi, inayohitaji idhini ya watu wawili au watatu kutoa. Kila mwezi mhazini asome hesabu mbele ya wote. Mhazini mwaminifu hulindwa na utaratibu huu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna atakayemsengenya.

Na wale wasio nacho? Msemo kwamba vijana hawana hela una ukweli nusu. Wengi wanaweza kulipa wakipewa miezi 8 au 10, na hawawezi wakipewa miwili. Wachache hawataweza kabisa. Kwao kuwe na mfuko mdogo unaosimamiwa na mlezi peke yake, ili asijulikane nani amesaidiwa. Sare ya kitenge inapendeza, nami naipenda, lakini mkiipa bei inayokaribia nauli mtakuwa mmemfungia mlango dada anayeuza mboga sokoni, ambaye pengine ndiye aliyeitamani hija hii kuliko wote.

"Ukifika Namugongo dhambi zimefutwa."

Si kweli. Safari haichukui nafasi ya kitubio. Hata pale Kanisa linapotoa rehema kamili kwa mahujaji, masharti ni yale yale: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuikataa kila dhambi, hata ile ndogo. Kwa hiyo safirini na padre wenu. Mwenye ruhusa ya kudumu ya kuungamisha huwa nayo popote aendapo, isipokuwa askofu wa mahali amkataze, na kwa Misa abebe barua ya mkuu wake iliyoandikwa ndani ya mwaka huo. Vijana wengi wanaungama kwa Kiswahili tangu utotoni. Kumpata wa kuwasikiliza kwa lugha hiyo katikati ya umati wa Waganda si jambo la uhakika. Tengeni saa nzima ya maungamo siku moja kabla ya Misa, msiibane kati ya chai na picha.

"Vijana wanakwenda kutafuta wachumba."

Wengine wanawapata, na sioni ubaya wowote wa Wakatoliki wawili kujuana wakiwa safarini kwenda kusali. Malazi ya wanaume na ya wanawake yatenganishwe, msimamizi wa kila upande ajulikane, na atakayemsumbua mwenzake ajue mapema kwamba atarudishwa nyumbani kwa gharama yake. Baada ya hapo acheni watu wazungumze.

"Basi likirudi, hija imekwisha."

Si kweli. Ndani ya majuma mawili kamati ikutane: hesabu ya mwisho isomwe na kubandikwa ubaoni, salio liamuliwe na waliochanga, na madeni ya walioshindwa kumalizia yasamehewe au yapangiwe tarehe. Wale waliotuma nia zao za Misa bila kusafiri, wagonjwa hasa, watembelewe nyumbani katika jumuiya zao na kuelezwa kwamba nia zao zilifikishwa. Kisha kamati iachie ngazi na kuchagua warithi siku hiyo hiyo, ikiwakabidhi daftari lenye namba ya mwenye basi, bei zilizolipwa, nyumba walizolala na makosa yaliyofanyika, ili kundi la mwakani lianze kuchanga Septemba, si Aprili.