Kalemie: cheo kwanza, mafunzo baadaye

Mwaka 2015 jimbo la Katanga nchini Kongo lilipogawanywa kuwa majimbo manne, Kalemie iliamka ikiwa makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Hadi siku hiyo mambo mazito yalikuwa yakiamuliwa Lubumbashi, makao makuu ya Katanga. Sasa mji wenyewe ulihitaji serikali ya jimbo, bunge, wakuu wa divisheni na watu wa kupanga bajeti. Watu walipatikana: mkuu wa ofisi akawa mkuu wa divisheni, karani wake akapanda akakalia kiti kilichoachwa wazi. Kazi ya kuongoza wengine walijifunzia palepale mezani, mafaili yakiwangoja.

Wazee wa mji hawakushangaa, maana wameshayaona. Wabelgiji walifundisha makarani, wauguzi na mafundi, ila kazi za juu walijiwekea wenyewe. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo waliokuwa na vyeo vikubwa serikalini walihesabika kwa vidole. Ndiyo maana Juni 1964 nchi iliunda INPP, taasisi ya taifa ya kuandaa watu kwa kazi, ambayo huwafundisha vijana wanaotafuta ajira na pia kuwanoa wale walio kazini tayari.

Fedha zake zinatoka wapi? Kwa waajiri. Kampuni binafsi yenye wafanyakazi wasiozidi 50 hutoa asilimia 3 ya mishahara; kuanzia 51 hadi 300 hutoa asilimia 2; zaidi ya hapo, asilimia 1. Mdogo ndiye anayekamuliwa zaidi, na sijaona bado anayenieleza kwa nini. Chukua mwenye depo anayelipa mishahara ya dola 1,000 kwa mwezi: 30 zinakwenda INPP. Wenye depo wengi huihesabu hiyo kama kodi nyingine tu, wanalipa na kunung'unika, bila kuuliza nani kati ya watu wao afundishwe nini.

Mafunzo yanayojulikana zaidi mjini ni yale ya seminari. Tangu mapigano ya Watwa na Waluba yalipowatoa watu vijijini kwa maelfu, mashirika ya misaada yamekuwa mengi, na seminari nazo. Ukumbi, karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, chai ya saa nne, perdiemu, breveti, picha ya pamoja. Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni orodha ya wanaoalikwa. Somo ni fishi ya stoki, na anayekwenda ni shefu, ambaye fishi hiyo haijazi hata mara moja. Mama anayeijaza kila jioni anabaki depo akihesabu magunia.

“Shefu, na sisi tutakwenda lini?”

“Mama, ngoja kwanza. Mwaliko umeandikwa jina langu.”

Shefu akirudi, makaratasi ya seminari yanaingia kwenye droo. Angekaa na yule mama saa moja tu, wakafungua fishi pamoja, wakaangalia kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha wakahesabu magunia yenyewe, perdiemu ile ingekuwa imefanya kazi. Lakini hakuna aliyemfundisha shefu namna ya kufundisha. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la wakubwa wetu: wanajua kuagiza na kukaripia, kuonyesha kazi hawajui.

Reli ilikuwa na desturi nyingine. Njia ya kilomita 273 kutoka Kabalo hadi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyokamilika mwaka 1915, haikuendeshwa kwa breveti za siku tatu. Mtu alianza kama msaidizi, akajifunza kusikiliza mashine na kusoma mteremko, na mzee alikuwa pembeni yake kabla hajaachiwa usukani. SNCC, shirika la taifa la reli lililoirithi njia hiyo, imewazeesha mafundi wake katika mishahara iliyochelewa miaka na miaka. Fundi akistaafu bila kijana wa kumrithi, anaondoka na karakana nzima kichwani.

Shule ya taifa ya utawala, ENA, ilifufuliwa mwaka 2013, lakini iko Kinshasa, na karani wa Kalemie hawezi kuifuata kwa pikipiki. INPP ndiyo iliyo na jukumu la kumfikia mfanyakazi kazini kwake. Mwenye depo anayetoa dola 30 kila mwezi aidai huduma hiyo kwa maandishi: mtunza stoki wake, dereva wake, yeye mwenyewe pia. Na orodha ya majina aiandike na wafanyakazi wake wakiwepo, la sivyo jina la kwanza litakuwa la mpwa wake.